Ngozi Iliyopauka: Uchambuzi wa Picha Moja ya Sura Iliyochorwa kwa Kompyuta Mombasa

Kisa ninachokichambua hapa ni cha picha moja ya sura iliyochorwa kwa kompyuta mjini Mombasa, ikapendwa na kila aliyeiona kwenye kioo cha simu, kisha ikachapishwa kwenye kanvasi na kukataliwa siku hiyo hiyo na jamaa walioiagiza. Anayeonekana pichani ni bi mkubwa wa Mji wa Kale aliyepita umri wa miaka themanini. Walioiagiza ni wanawe, waliotaka kuitundika ukumbini kabla ya harusi ya mjukuu. Mchoraji ni binti wa Kibokoni anayetumia tableti na programu ya Krita, ambayo hutolewa bure, na mkono wake katika kuchora mistari ni mwepesi kuliko wa wengi ninaowajua. Binti wa kwanza wa bi mkubwa alipoifunua kanvasi alisema maneno machache: "Mwanangu, sura ni ya mama, lakini ngozi si yake. Hapa amepauka kama mtu aliyeinuka kitandani baada ya kuugua."

Baadaye mchoraji aliniletea mafaili yote, tangu mchoro wa awali hadi faili lililopelekwa dukani kuchapishwa, tukaifumua kazi hiyo tabaka baada ya tabaka. Ninaieleza kwa idhini yake na ya jamaa wenyewe, kwa kuwa yaliyoiharibu yanawapata wachoraji wengi wa pwani, hasa wale wanaojifundisha kwa kufuata mafunzo yaliyotayarishwa kwa ngozi nyeupe na kwa mwanga hafifu wa nchi za baridi.

Tuanze na picha ya simu iliyotumiwa kama kielelezo, maana hitilafu zilianzia hapo kabla kalamu haijagusa tableti. Ilipigwa karibu na adhuhuri katika kichochoro kisicho mbali na Ndia Kuu, bi mkubwa akiwa ameketi barazani na ukuta uliopakwa chokaa nyuma yake. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa juu sana mwaka mzima: paji la uso na ncha ya pua hung'aa, huku macho yakizama katika vivuli vya nyusi. Kamera ya simu hupima mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea wastani. Ukuta mweupe uliochukua nusu ya fremu uliifanya ipunguze mwanga, na kilichoumia ni uso, uliotoka mweusi kuliko ulivyo. Halafu usawazishaji wa rangi unaojiendesha wenyewe uliondoa ule ujoto ambao mwanga hupata unapogonga chokaa na kurudi. Ikumbukwe kwamba upendeleo wa aina hii una historia ndefu katika upigaji picha: enzi za filamu, kadi ambazo Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kwa ajili ya kusawazisha rangi zilimwonyesha mwanamke mweupe kwa miongo kadhaa, na hadi miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipoanza kuenea. Mchoraji anayenyonya rangi ya ngozi moja kwa moja kutoka kwenye picha ya simu anarithi hesabu ya mashine, na mashine hiyo haikumwona bi mkubwa kama jirani zake wanavyomwona.

Mchoraji wetu alifanya hivyo hivyo. Ngozi ya kati ya bi mkubwa, ambaye ni mwenye rangi ya maji ya kunde, aliiweka kwenye 176, 118, 84, yaani nyekundu, kijani na samawati katika mizani ya 0 hadi 255. Uchaguzi huo wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulikuja alipotaka kuipandisha na kuishusha. Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alieleza mwaka 1905 kwamba kila rangi ina sifa tatu zinazoweza kupimwa mbali mbali: aina yake, mwangaza wake na ukolevu wake. Mchoraji alikuwa akishughulikia mwangaza peke yake. Palipong'aa alitia nyeupe, na palipokuwa na kivuli alitia giza, akidhani kwamba aina na ukolevu vitajipanga vyenyewe.

Havijipangi, na hesabu inaonyesha kwa nini. Ukiichanganya 176, 118, 84 nusu kwa nusu na nyeupe tupu, unapata karibu 216, 187, 170. Tofauti kati ya nyekundu na samawati ilikuwa 92. Sasa ni 46. Rangi imepanda mwangaza lakini imepoteza nusu ya ukolevu wake, na jicho la mtu wa Mombasa, linalojua ngozi isiyopakwa mafuta inavyoonekana, hutambua mara moja kwamba huko ni kupauka. Bi mkubwa alipauka juu ya paji la uso, juu ya mashavu na kwenye daraja la pua, mahali pale pale ambapo ngozi yake halisi hung'aa.

Upande wa kivuli ulikuwa na shida iliyojificha zaidi, na nadhani ndiyo iliyompotosha kwa kuwa ilitokana na elimu sahihi. Alikuwa amesoma kwamba vivuli vya nje huelekea samawati kwa sababu vinamulikwa na anga, na hilo ni kweli. Kwa hiyo alipaka kivuli cha 60, 66, 92, kisha akatumia brashi laini kuunganisha kivuli na ngozi. Brashi laini hupitia katikati ya rangi mbili, na katikati ya hizo mbili ni 118, 92, 88. Tofauti kati ya nyekundu na samawati hapo ni 30 tu. Maana yake ni kwamba kila ukingo wa kivuli usoni mwa bi mkubwa ulizungukwa na utepe wa kijivu, mwembamba kiasi cha kutoonekana kwenye simu, lakini mpana kwenye kanvasi hadi ukaonekana kama alama ya maradhi. Wapo watakaosema kosa ni la programu, maana programu nyingi huchanganya rangi kwa namba zilizokwisha kukunjwa kwa ajili ya kioo, yaani zisizopanda sawia na mwanga wenyewe: nyekundu tupu na kijani tupu zikichanganywa nusu kwa nusu hutoa 128, 128, 0, ilhali hesabu inayofuata mwanga wenyewe hutoa 188, 188, 0. Krita inaruhusu njia zote mbili. Hata hivyo, rangi zinazoelekea kukabiliana, kama machungwa ya ngozi na samawati ya anga, zitapita kijivuni kwa njia yoyote ile. Anayepaswa kuzuia ni mchoraji.

Dawa yake ni kutoziacha rangi hizo mbili zikutane bila mpatanishi. Kati ya ngozi na kivuli tulitia mstari wa rangi iliyokolea kuliko zote mbili, 140, 72, 44, ambao tofauti yake kati ya nyekundu na samawati ni 96, kisha tukaunganisha kwa brashi yenye ukingo mgumu kidogo. Jambo hili lina msingi katika maumbile. Mwanga hauishii juu ya ngozi. Sehemu yake huingia, husafiri kidogo ndani ya nyama na kutoka ukiwa umeelekea wekundu, na pembezoni mwa kivuli ndipo wekundu huo hudhihirika. Katika ngozi nyeusi melanini hula sehemu kubwa ya mwanga huo wa ndani, na hivyo mng'ao wa juu ya ngozi huchukua nafasi kubwa zaidi katika kile tunachokiona. Mng'ao huo hubeba rangi ya kinachoumulika. Kwa hiyo nyeupe ya paji la uso iliondolewa, mahali pake pakawekwa mng'ao mdogo wa samawati iliyofifia, wenye mipaka iliyo wazi, kwa kuwa juu ya bi mkubwa palikuwa na anga. Na shavu lililoelekea ukuta likapewa manjano hafifu ya chokaa iliyopigwa na jua. Mabadiliko haya ya rangi pekee, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, yaliifanya sura ipate damu.

Kabla ya hapo lakini tuliihakiki picha bila rangi. Njia ni nyepesi: juu ya matabaka yote huongezwa tabaka moja lililojazwa nyeupe, kisha namna yake ya kuchanganyika hubadilishwa kuwa ile ya rangi, na picha nzima huonekana kwa mizani ya weusi na weupe huku mwangaza wa kila sehemu ukibaki ulivyo. Ilidhihirika kwamba paji la uso lilikuwa na mwangaza sawa na ukuta, na kwamba kivuli cha shingo na buibui vilikuwa vimeungana kuwa doa moja. Sipendi kuona mchoraji akianza kutafuta rangi kabla ya kulitazama hili. Picha ya sura ambayo haisomeki bila rangi haiokolewi na rangi.

Buibui nalo linastahili maelezo yake, kwa kuwa lilijaza zaidi ya theluthi ya picha na mchoraji alilipaka nyeusi tupu, 0, 0, 0, akaongeza mikunjo ya kijivu. Nyeusi ya namna hiyo haipatikani kichochoroni mchana. Kitambaa cha buibui kina mng'ao wake, nacho huipokea anga mabegani na chokaa ubavuni. Zaidi ya hayo, nyeusi huathiriwa na jirani yake. Michel Eugène Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikosa nguvu, na uchunguzi wake ukaonyesha kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichoidhoofisha ni nyuzi za samawati na zambarau zilizowekwa kando yake. Kanuni aliyoichapisha mwaka 1839 inasema kwamba rangi mbili zinapokaribiana, kila moja huisukuma jirani yake kuelekea rangi iliyo kinyume na yake. Bi mkubwa alikuwa amejifunga leso ya kisutu ndani ya buibui, na ukingo wake mwekundu ulionekana shingoni. Nyeusi iliyo kando ya wekundu huo husukumwa kuelekea ukijani. Usipoijua nguvu hiyo, buibui hutoka limechujuka. Tuliliweka buibui kwenye nili nzito iliyoelekea zambarau kidogo, tukapandisha mwangaza wake juu ya sifuri, na papo hapo likaonekana jeusi zaidi kuliko lilipokuwa jeusi tupu.

Kisutu hicho kilikuwa na kazi nyingine. Katika picha ya simu, chini ya kidevu, palikuwa na wekundu ambao mchoraji aliufuta akidhani ni hitilafu ya kamera. Ulikuwa mwanga uliogonga leso na kurudi. Uliporudishwa, kidevu kilijitenga na shingo bila kuhitaji mstari wowote.

Sasa unamu, yaani ukwaru na ulaini wa nyuso za vitu, ambao kwa maoni yangu uliiharibu kazi hii karibu sawa na rangi. Mchoraji alilainisha uso wote kwanza kwa brashi ya ukungu, akafuta mikunjo pamoja na madoa, kisha, alipoona ngozi imekuwa kama ya mtu asiye na umri, akatandaza juu yake brashi yenye chembechembe ili kurudisha vinyweleo. Chembechembe zile zile alizitumia kwa ukuta wa matumbawe. Ngozi, ukuta na baraza vikawa na unamu mmoja. Hapa kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Mikunjo ya uso wa mtu mzima ni umbo: ina upande unaopokea mwanga na upande wa kivuli, inafuata misuli aliyoitumia kucheka na kukunja uso maisha yake yote, na hupakwa kwa mabadiliko ya mwangaza. Unamu ni kitu kidogo zaidi kinachoonekana pale tu mwanga unapopita kwa kushazari. Ukifuta umbo na kulipa fidia kwa unamu, unapata barakoa yenye vinyweleo.

Kosa hilo lilizidishwa na ukubwa wa faili. Kazi ilichorwa kwa pikseli 2480 kwa 3508, ambazo zinatosha A4 kwa nukta 300 kwa inchi, lakini jamaa walitaka A2, ambayo ni mara mbili ya A4 kwa upana na kwa urefu, na ingehitaji pikseli 4961 kwa 7016. Duka lililikuza faili kama lilivyoombwa. Kila chembe iliyokuwa milimita moja ikawa milimita mbili, kwenye uso ambao kwa kipimo hicho ulikaribia ukubwa wa uso wa kweli. Hakuna binadamu mwenye vinyweleo vya milimita mbili. Anayekusudia kuchapisha na aanze na ukubwa wa mwisho, hata kama tableti itakuwa nzito, kwa sababu unamu hauna maana nje ya kipimo chake.

Katika toleo la pili tulifuata desturi ya zamani ambayo Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, ni shahidi wake mashuhuri: rangi nene mahali pa mwanga, rangi nyembamba na tulivu ndani ya vivuli. Kwenye tableti hakuna unene, ila kuna brashi kavu inayoacha mapengo. Iliruhusiwa kwenye paji la uso, juu ya mfupa wa shavu na kwenye vifundo vya vidole. Vivuli viliachwa vitulie kabisa. Ukutani tuliiacha brashi ya matumbawe katika eneo dogo lililopigwa na jua kwa kushazari, na sehemu iliyobaki ikawa rangi tambarare inayobadilika polepole. Mchoraji alisikitika kuyaona mawe yake yakipotea, maana alikuwa ameyachora kwa uangalifu mkubwa, na namwelewa. Lakini kuta za Mji wa Kale zina mvuto kiasi cha kumnyang'anya mtu picha yake, na jamaa walikuwa wamemwagiza mama yao.

Kuhusu ufanano, vipimo vya mistari vilikuwa sahihi kwa kuzingatia picha ya simu, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Simu ilikuwa karibu mno. Kamera ikiwa umbali wa mkono, pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma, na hutokea hivyo kwa sababu ya umbali wenyewe. Ndiyo sababu wapiga picha za sura hupendelea lenzi za karibu milimita 85, zinazowalazimisha kurudi nyuma hatua kadhaa, ilhali lenzi kuu ya simu hulingana na milimita 24 hadi 28. Mchoraji alirudi kwa bi mkubwa, akampiga picha nyingine asubuhi kutoka mbali, wakati mwanga unapoingia vichochoroni kutoka upande wa Bandari ya Kale, akaipunguza pua ipasavyo.

Macho lakini hayakuhitaji kupimwa. Alikuwa ameyasafisha. Weupe wa jicho aliupaka nyeupe kabisa, na ule mzingo wa kijivu na samawati unaoizunguka mboni, ambao wazee wengi huwa nao, akauondoa. Weupe wa jicho chini ya nyusi uko kivulini na mara nyingi huwa na giza kuliko ngozi ya shavu lililo juani. Uliposhushwa hadi kijivu chenye joto, na mzingo ukarudishwa, yakawa macho yake. Ninaamini kwamba katika picha za wazee, kila kinachofutwa kwa nia ya kupendezesha huchukua sehemu ya mtu mwenyewe, na jamaa hulitambua hilo hata wasipoweza kuonyesha kwa kidole.

Uchapishaji nitaugusia kwa ufupi. Duka halikukosea. Mchoraji alifanya kazi usiku, kioo kikiwa kimewashwa hadi mwisho, na kwa mwangaza huo vivuli vyake vilionekana vikiwa na nafasi tele. Kiwango cha rangi cha sRGB, kilichopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, kilikusudiwa kioo chenye mwangaza wa kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 80 kwa mita ya mraba. Vioo vya leo hupita hapo mara kadhaa. Kanvasi haiwaki yenyewe, nayo hunywa wino, na hivyo ngazi za chini za giza huungana. Safari ya pili kioo kilishushwa, ngazi za giza zikapandishwa, na kipande kidogo chenye jicho, shavu na ukingo wa buibui kikachapishwa kwanza kwenye kanvasi ile ile na kutazamwa mchana kando ya dirisha. Kipande hicho kilionyesha kwamba wekundu wa kidevu ulikuwa umezidi, ukapunguzwa.

Katika kazi yote ya marekebisho mchoraji alibadilisha kitu kimoja kwa wakati, akihifadhi kila toleo kwa jina linaloeleza kilichobadilika: mwangaza, kisha rangi, kisha buibui, kisha unamu, mwisho macho. Nilimhimiza afuate njia hiyo kwa sababu majaribio ya kompyuta ni rahisi mno kufanya. Tabaka huongezwa kwa mguso mmoja, na baada ya saa chache mtu hajui tena ni lipi lililoisaidia picha na ni lipi lililoiumiza.

Kanvasi ya pili ilipokewa na kutundikwa kabla ya harusi. Binti yule wa bi mkubwa aliitazama kwa muda, akauliza kwa nini ukuta umekuwa mtupu kuliko mwanzo, akajibiwa, wala hakuridhika sana na jibu. Mimi na mchoraji pia bado tunatofautiana hapo: yeye anaona mstari mmoja zaidi wa mawe upande wa kushoto ungesimamisha picha vizuri, nami naona ungelivuta jicho kutoka kwenye mikono. Amelihifadhi toleo lenye mstari huo, na anakusudia kulichapisha kwa ukubwa wa A4 ili tulijadili tukiwa na karatasi mkononi.